Ramadhani Aliyofunga Thelathini Zote

Shoga yangu, haya nakwambia wewe kwa kuwa najua hutanicheka. Nilikuwa mwanamke wa wivu, na wivu wenyewe mpaka leo haujanitoka wote.

Tulikuwa wake wawili nyumba moja, hapa Bustan, huku kwa Waarabu, mimi chini na mwenzangu juu. Bwana akilala kwangu siku mbili, kwake siku mbili. Mimi nna watoto watano. Yeye alikuwa na binti mmoja tu, na ugonjwa wa moyo. Alipomzaa huyo binti alilazwa karibu mwezi, na daktari akamwambia mbele ya bwana: usibebe tena mimba, itakuua.

Ramadhani ya mwaka ule mimi nilikula siku sita za hedhi, kama mwanamke yeyote. Mwenzangu akafunga thelathini zote. Mwengine angesema mashaallah. Mimi nilikuwa namhesabia. Nikisikia nyayo zake juu akienda kutia udhu, kila sala, nasema leo kumi na nane, leo ishirini na tano. Mwanamke kijana, hanyonyeshi, asikose sala hata moja mwezi mzima? Nikajua ana mimba. Roho ikaniuma, wallahi. Bwana atapata mtoto mwengine, pengine mwanamume, na mimi miaka minne sijashika kitu.

Mwenyewe alificha. Kwetu mimba changa haitangazwi, watu wanaogopa kijicho, na kijicho alichokuwa akikiogopa yeye ni changu. Hata bwana hakumwambia.

Siku ya tatu baada ya Idi nikamsikia anapanda ngazi. Ngazi zenyewe kumi na mbili, akapumzika mara tatu. Nikajiambia nyamaza, hayakuhusu. Nikaenda kusali adhuhuri, nikafika kwenye sijda nikakosa la kuomba. Ningemwomba Mungu nini, na mimi nalijua ninalolijua? Nikatoa salamu, nikapanda juu.

"Una mimba," nikamwambia.

"Nani kakwambia?"

"Ramadhani imeniambia. Umefunga thelathini."

Akacheka kwa hasira. "Ama bi mkubwa! Watu wanahesabu juzuu, wewe unahesabu hedhi zangu!"

Lakini alicheka huku kashika kifua. Siku hiyo hiyo nikamwambia bwana, na asubuhi yake tukenda hospitali sote watatu.

Daktari alikuwa mwanamke, mwenyeji wa nchi hii, ila kazaliwa Unguja kama mamangu. Akampima kwa mashine, wiki saba. Kisha akatueleza kwa Kiswahili, pole pole. Nchi hii mimba haitolewi kwa kupenda mtu, ni kosa kwa sheria. Inaruhusiwa ikiwa roho ya mama imo hatarini, na hapo tena haamui daktari mmoja. Atatia sahihi yeye, na daktari wa moyo, na mwengine wa tatu, kisha mgonjwa, kisha mume. Dawa haziuzwi dukani wala mtu hapewi akaenda nazo nyumbani. Atazila wodini, anaangaliwa, kwa ajili ya damu na moyo wake.

"Sasa bado mapema, vidonge vinatosha," akasema. "Mkichelewa itakuwa operesheni, na kwa moyo huu mimi naiogopa."

Bwana alikwisha muuliza imamu wetu alfajiri, akaambiwa siku mia na ishirini za mimba kutiwa roho hazijafika, na roho ya mama ndiyo ya kutazamwa kwanza.

Karatasi ilikuwa ya Kiarabu. Mimi nilisoma skuli ya jioni ya watu wazima miaka mitatu. Mwenzangu hakusoma. "Nisomee," akaniambia. Nikamsomea neno kwa neno, kidole juu ya mstari. Nilipomaliza akaisukuma.

"Sitii sahihi. Bi mkubwa huyu kamwona mwanangu kabla ya babake, sasa anataka nimtoe kwa mkono wangu mwenyewe."

Ningeweza kuapa kuwa sina wivu, lakini ningekuwa naapa uwongo.

"Kweli nna wivu," nikasema. "Siku zako nazihesabu, na kanga anazokununulia nazihesabu. Sasa fikiri. Mwenye wivu angekaa zake chini kimya, akusikilize unavyopumzika kwenye ngazi, mpaka siku usifike juu. Na binti yako angebaki na nani? Na mimi."

Akanitazama sana. "Ungemlea?"

"Ningemlea. Kwa makelele, lakini ningemlea."

Akacheka na machozi yanamtoka. Akatia dole gumba.

Alipomeza vidonge wodini aliumwa siku nzima, akatoka damu, na sista wa Kihindi akawa kila saa anampima presha. Nilimshika mkono mpaka alasiri. Akaja bwana na mfuko wa machungwa. Akamenya moja, akatoa mpaka nyuzi zile nyeupe, akamlisha. Mimi nimemzalia watano na mimba moja ikaharibika, hajanimenyea hata ndizi. Wivu ukanikaba pale pale kwenye kitanda cha mgonjwa. Nikasema astaghfirullah, na macho bado kwenye lile chungwa.

Mwenzangu alipona. Mwezi wa pili wake alinikuta jikoni, akaniinamia sikioni: "Bi mkubwa, leo sisali. Tia hesabuni."

Basi shoga, haya yafikishe. Mwambie mwenzio, naye amwambie jirani yake, hasa yule mgonjwa anayeificha mimba changa kwa kuogopa macho ya watu: aende kwa daktari wiki za mwanzo, hata kama wa kumshika mkono ni mke mwenziwe.