Mkubwa Akinuna

Tulipooana, mama mkwe wangu alituletea makochi kutoka kwake Magomeni. Seti nzima, mekundu, yenye migongo mirefu kama viti vya maharusi. Sisi tulikuwa tumepanga vyumba viwili ghorofani, Kariakoo, na tangu siku hiyo ukitaka kufika dirishani unapita upandeupande. Tulishukuru tu. Mama hutoa kwa moyo, kisha huja Ijumaa kuangalia kama tumeyakalia vizuri.

Ijumaa moja, baada ya pilau, mume wangu na kaka yake walianza ubishi wao. Mume wangu anafundisha historia sekondari. Shemeji hufuata mzigo China, anauza simu mtaa wa pili.

"Ubeberu uliondoka na magavana," shemeji alisema. "Leo ni biashara. Mchina ananiuzia, nanunua, tunaagana. Taifa kubwa likikujengea barabara, nalo ni kosa?"

"Barabara si kosa. Masharti je? Wanakukopesha, halafu wanakuchagulia rafiki, na kura yako kwenye mikutano ya dunia wanataka uipige wanavyotaka wao."

"Kila mkopeshaji ana masharti. Hata benki hapo chini wanayo. Nao mabeberu?"

Mama alikuwa anamenya chungwa. "Kwani ukikataa, wanakufanyaje?" aliuliza.

"Hapo hapo, mama!" mume wangu akadakia. "Wakikuacha uende zako, ni biashara. Wakikuadhibu, ni ubeberu."

Magoti yangu yalikuwa yamebanwa na meza, na sijui nini kilinipata. Nikajikuta nimesema, "Na makochi je?"

Mume wangu alinitazama kana kwamba nimetangaza vita. Mama akaweka chungwa chini.

"Kwani mwanangu, mngeyakataa ningewafanya nini?"

"Ungenuna, mama," nikasema.

"Kununa si kuleta jeshi!"

"Mama, mkubwa akinuna," akasema shemeji, yeye aliyekuwa anawatetea wakubwa muda ule ule, "ndiyo vikwazo hivyo."

Mama alijaribu kukunja uso, akashindwa. Alicheka mpaka mtandio ukamdondoka, nasi tukapata ruhusa ya kucheka. Mwenyewe akasema kochi kubwa lirudi Magomeni. Kabla ya alasiri, ndugu wawili walikuwa wanalishusha ngazini huku bado wanabishana. Shemeji alidai beberu halisi haondoki kwa hiari yake, kwa hiyo mama hana hatia. Mume wangu akajibu kwamba anayeondoa kochi moja na kuacha matatu ametoa uhuru wa bendera tu.

Mama alisimama nami dirishani, tukiwatazama wanavyohangaika na mlango wa chini.

"Siku nyingine niambie mapema," akanong'ona. "Mimi si balozi, sijui kusoma nyuso za watu."

Siku hizi hupiga simu kwanza. Juzi aliuliza kama tunahitaji mapazia. Nikamwambia hapana, mama, asante. Hakununa, akataka kujua kama embe dodo zimeshaingia sokoni.