Mwandishi wa Barua za Kuomba Kazi

Mwandishi wa barua za kuomba kazi hukaa barazani kwa fundi cherehani, hapa Mbinga, na kabla ya kuandika hufuta nibu kwenye nywele zake. Mteja akianza kutaja ukoo, kama ilivyo desturi yetu, humkatiza kwa upole. Mzee Wendelini, aliyetaka kazi kwa Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, naye alikatizwa.

"Baba, Bwana Shauri haajiri babu yako. Wewe unajua kufanya nini?"

"Kuoka mkate."

Barua ikaisha kwa mistari minne, na leo mzee anaoka mikate kwa Bwana Shauri, Songea. Juzi boma lilitangaza nafasi ya karani, na mwandishi akaamua kujiombea mwenyewe. Nilimkuta ameinama, nibu ikienda mbio. Alikuwa ukurasa wa tatu, na babu yake alikuwa hajaoa bado.