Aliyeumiza Ana Masikio

Mimi si mtu wa safari. Kutoka hapa Mnero hadi Ruangwa naona kama naenda Ulaya, na nikifika tu naanza kuulizia gari la kurudi. Juzi nilikwenda kutafuta mbegu za ufuta, nikakuta karibu na soko watoto wanashindana mieleka. Mmoja akaanguka vibaya. Mwamuzi akamwinamia: "Unaweza kuendelea?" Mtoto akaitikia kwa kichwa. Nikaondoka na mbegu zangu kabla sijaona zaidi.

Utotoni kwetu haikuwa hivyo, ndugu yangu. Tulishindana juu ya magunia ya korosho yaliyoshindiliwa majani makavu, yenye ile harufu ya maganda inayochoma pua, na pembeni akina mama wanakaanga mihogo. Mimi nilikuwa hodari wa kuangushwa. Bibi alisema nayajua magunia yale kuliko kitanda changu. Mwamuzi alikuwa mwalimu wetu. Mtoto akianguka vibaya, alipiga filimbi, akamwacha alale palepale, akamgeukia aliyemwangusha: "Umesikia nini?" Huyo akisema amesikia kitu kikilia mwilini mwa mwenzake, basi, pambano limekwisha, hakuna mshindi, kila mmoja anapewa kipande cha muwa.

"Aliyeumia ana aibu," mwalimu alikuwa akisema. "Aliyeumiza ana masikio."

Siku walipokuja watoto wa Ruangwa, rafiki yangu, mtoto wa jirani yetu, mbabe wetu sote, alitua kwa kichwa. Akasimama haraka, anacheka. Mwalimu akamwuliza yule mgeni aliyemwangusha.

"Nimesikia, mwalimu. Shingoni."

Uwanja mzima ukazomea. "Huyo kachoka, anataka muwa!" Baba wa rafiki yangu akaingia mpaka kwenye magunia.

"Mwalimu, mwanangu si yai. Muulize mwenyewe."

Mwalimu akaitazama filimbi yake. Kisha, kwa mara ya kwanza, akamwuliza aliyeanguka.

"Unaweza?"

"Naweza."

Mgeni alimshika mabegani kwa ncha za vidole, wala hakusukuma. Rafiki yangu ndiye aliyejitupa mbele, akaporomoka mwenyewe, kicheko bado kiko mdomoni. Hajasimama tena hadi leo.

Magunia yalichomwa moto. Mwalimu hakupuliza filimbi tena, hata ya kutupanga mstarini. Alikuwa akipiga makofi tu, mpaka akastaafu, mpaka tukamzika. Uwanja sasa ni shamba la ufuta. Watoto wetu mieleka wanaitazama kwenye simu, na huko kila anayeanguka huamka.

Watu hunitania kwamba nakaa nyumbani kama kuku anayeatamia. Sawa. Lakini ng'ambo ya ua kuna rafiki yangu yule wa kukaa naye. Jana nilimsimulia niliyoyaona sokoni.

"Wakamuuliza nani?"

"Mwenyewe."

"Akasema?"

"Akaitikia."

 Kivuli cha nyumba kilikuwa kimesogea, na jua lilikuwa linamchoma miguu. Ilibidi nimwambie mimi; yeye hakulisikia.