Taa za Dagaa Sebuleni

Hii habari aibu yake haijanitoka, maana hapa Sumbawanga nikipita sokoni bado wapo wanaoniita Mzee wa Kumbikumbi, na ninaitika, nifanyeje sasa.

Nilikuwa nimegeuza sebule yangu kuwa studio ya picha, kamera ipo, shuka jeupe la kutundika ukutani lipo, zimebaki taa. Dukani mjini zilikuwepo taa zenyewe za studio, zile zenye miavuli ya kulainisha mwanga, na muuzaji alinieleza vizuri kabisa kwa nini ninazihitaji, lakini mimi (mjuaji) nikaona miavuli ndani ya nyumba ni mbwembwe tu, nikateremka zangu Kipili, ziwani kwa wavuvi, nikanunua taa tatu za betri za kuvulia dagaa. Mwanga wake usipime. Mvuvi aliyeniuzia akaniambia, "Kaka, hizi ukiwasha tu, wanakuja wenyewe." Nikacheka. Sebuleni kwangu kuna dagaa gani?

Wateja wangu wa kwanza wakawa wazazi wa Agnesi, mchumba wangu, waliokuja kutoka Msanzi na nguo mpya kupigwa picha ya jubilei ya ndoa yao. Baba yake analima mahindi na ulezi, na alishasema wazi kwamba barua yangu ya posa haipokei mpaka aone kwa macho yake kama hiyo kazi ya kubofya inaweza kulisha watu.

Walifika jioni pamoja na Agnesi, mvua ya kwanza ya msimu imetoka kukatika, na umeme nao ukakatika mtaa mzima. Nikaona Mungu ananipenda. Baada ya shikamoo nikajidai, "Msijali baba, kwangu taa ni za betri," nikawasha zote tatu, sebule ikawa mchana. Wazee wakakaa kwenye kochi wamekakamaa, kila mtu upande wake, nami nahangaika na kamera, mara taa zikapata moto na ile harufu niliyodhani nimeimaliza kwa sabuni ya unga ikarudi yote.

Baba akanusa. "Mnakaanga samaki humu?"

Kwa aibu nikakimbilia dirisha nikalifungua lote, na hapo ndipo nilipojimaliza, maana giza kote na mwanga ni kwangu peke yangu, kumbikumbi wa mtaa mzima waliingia kwa pamoja, wakajaa kwenye shuka, kwenye lenzi, kwenye suti ya baba mkwe (mtarajiwa, tena kwa wakati ule utarajiwa wenyewe ulikuwa unayeyuka). Nikarukia swichi.

"Kijana, acha," baba akasema. "Usizime."

Nilipogeuka alikuwa ameshavua koti na kupiga magoti sakafuni, anakusanya kitoweo kwenye kofia yake, na mama amefungua kilemba amekitandaza chini ya taa. "Agnesi, lete beseni mwanangu," mama akasema, kwa sauti ya mtu aliye nyumbani kwake. Majirani nao hodi hodi, kila mmoja na ndoo yake, wanawapa wazee shikamoo huku wanawapita, na mimi katikati ya studio yangu nimebanwa ukutani na kamera shingoni. Sikupiga picha hata moja. Nilitamani kulia.

Wakati wa kuondoka baba alikuwa na ndoo imejaa na mabawa kwenye nyusi. "Barua lete," akaniambia. "Na hizo taa uje nazo."

Posa ilipita, ndoa ikafungwa, na mpaka leo hakuna aliyeuliza picha ya jubilei iko wapi. Mimi nimeapa, taa sinunui tena kabla ya kujua ilikuwa inaita nini, na zile za miavuli hatimaye nilizinunua. Baba mkwe alipokuja kuziona alizizunguka, akauliza zinakamata nini.

"Sura za watu tu, baba."

Akanitazama kwa huruma, akamgeukia binti yake akamwuliza kama ndani kuna unga wa kutosha.