Kava la Magugu Maji

Saroeun alisuka kava la simu yake kwa mabua makavu ya magugu maji, yaleyale anayosukia mikeka ya kuuza. Kijiji chetu kinaelea ziwani, nyumba zimekaa juu ya mianzi, na nyufa za sakafu zinameza kijiko bila shida. Simu zetu nyingi zimepotelea humo. Yeye aliitia yake kwenye mfuko wa plastiki, akaufunga vizuri, kisha akaivika kava nene, pana kuliko ufa wowote, jepesi la kuelea.

"Dada, simu yako inavaa kuliko mume wangu," Phally alimtania. Phally huuza tambi kwa mtumbwi.

"Mumeo akijifunza kunyamaza kama simu yangu, nitamsukia na yeye."

Utani wa Saroeun ulikuwa umepungua tangu Vuthy, mumewe, afariki. Ndani ya simu ile mlikuwa na sauti ya Vuthy akiwaita bata warudi bandani. Alijirekodi kwa uvivu tu, asichoke kupiga kelele. Kila jioni Saroeun aliifungulia ijirudie ukingoni mwa nyumba, na bata walirudi kwa sauti ya mtu asiyekuwepo. Mimi, jirani yake, nilimsihi tuinakili kwenye simu yangu. Alisema kesho, na kila siku ikawa kesho. Nadhani hakutaka sauti ile ikae nyumba nyingine.

Jioni moja, sauti ikiwa ndiyo kwanza imeanza kuita, boti ya mizigo ilipita kwa kasi. Nyumba ikainuka na wimbi, simu ikaserereka, ikaanguka majini.

Ilielea, kama alivyotaka. Lakini msimu ule magugu maji yalikuwa yametanda, na yaliyokauka yalikuwa na rangi ya lile kava hasa. Mkondo ukayasukuma yote pamoja. Tulipoingia kwenye mtumbwi wa Phally, hatukujua tena lipi ni lipi.

"Nimemficha mwenyewe," Saroeun alisema. "Kwa mikono yangu."

"Subiri kwanza, dada," Phally akasema. "Hebu tazama bata wako."

Walikuwa wametawanyika mbali. Sasa waligeuka wote, wakaipa nyumba mgongo, wakaogelea kuelekea katikati ya magugu, mahali pasipo na banda wala mtu. Wakazunguka pale, shingo wameinamisha.

Tuliwafuata. Tulipokaribia ndipo nilipoisikia, hafifu ndani ya plastiki, ikijirudia: sauti ya Vuthy, nzito, yenye uvivu kidogo, ikiita kutoka majini.

Saroeun hakuiokota mara moja. Aliweka kasia magotini, akamwacha aite. Mimi nilijikuta nimeshika ukingo wa mtumbwi kama mtu aliyeingia mahali patakatifu bila kubisha.

Mwishowe Saroeun akanyoosha mkono, akaiokota simu, akalipangusa kava, akanipa.

"Nakili kwako," akasema. "Leo."

Tukageuza mtumbwi. Bata wakatufuata nyuma.