Umande wa Ikutha

Juzi sokoni Kikima nilisimama mbele ya mama mmoja anayeuza vibuyu, nikachukua kimoja, nikakifungua, nikatia pua ndani. Watu wakacheka. Mwenye vibuyu akaniuliza kama nataka kununua au natafuta panya. Lakini ile harufu ilikuwa imeshanifikia: moshi wa kijinga cha moto kilichosuguliwa ndani ya kibuyu, na chini yake maziwa yaliyochacha siku nyingi. Miguu yangu ilikuwa Kikima. Mimi mwenyewe nilikuwa nimerudi Ikutha, nina umri wa miaka kumi, midomo imepasuka, na mama yangu anangoja Mungu aseme.

Wacha niwaeleze polepole, maana nikianza habari hii huwa narukaruka. Sikuzaliwa na utulivu, na nikiwaambia yaliyotupata mtajua niliutoa wapi huu wasiwasi.

Tuliishi Ikutha, kusini kabisa mwa Kitui, katika boma la baba. Baba mwenyewe alikuwa amefariki, amezikwa pale pale kando ya ua. Tulibaki Mama, mimi, ndugu yangu mdogo Kioko, na Susu, ndivyo Wakamba tunavyomwita nyanya. Huyu alikuwa mama yake baba. Alibatizwa uzeeni akapewa jina zuri la Kizungu, na sikumbuki akiitika hata siku moja alipoitwa nalo.

Jina langu ni Mumbua, jina la mtoto aliyezaliwa wakati wa mvua. Mwaka ule lilikuwa jina la kuchekwa. Uhuru tulikuwa tumeshaupata, lakini mvua ilikuwa imetutoroka. Mbuzi walikufa wamesimama. Serikali ilituletea mahindi ya njano, magumu, ukiyapika tangu asubuhi hadi jioni bado yanakutazama. Maji tulichimba katika mchanga wa mto Tiva. Unafukua shimo, unakaa ukingoni, unangoja maji yajikusanye chini, unayachota kwa kata moja moja. Ukirudi nyumbani, kila mtu anapimiwa yake. Mama na sisi watoto tulinywa ya kwenye debe. Susu alidai debe linanuka chuma, kwa hiyo fungu lake lilitiwa katika kibuyu chake cha zamani cha maziwa, ambacho alikisugua ndani kwa kijinga cha moto, kama vinavyosafishwa vibuyu vya maziwa, kana kwamba mbuzi wangerudi kesho. Maji yake yalinuka moshi. Nilionja mara moja nikatema, akanifukuza na fimbo yake kwa kupoteza maji.

Dada mkubwa wa Mama alikuwa ameolewa huku Kikima, katika milima ya Mbooni. Alimtuma dereva wa lori la ng'ombe na ujumbe: njooni wote, kuna chumba, kuna kipande cha kulima, kuna mto ambao haujakauka. Ungedhani tungefunga mizigo siku ile ile. Kioko alikuwa amevimba tumbo na nywele zake zimekuwa rangi ya kutu. Daktari wa zahanati alikuwa amemwambia Mama waziwazi kwamba mtoto huyu asipopata chakula cha maana, asitegemee kumwona akienda shule.

Lakini Susu alikataa kuondoka.

"Mimi si yule mama mkwe wa kwenye Biblia anayezunguka nchi za watu na mke wa mwanawe," alisema. "Mimi nina nyumba. Na mwanangu yuko pale." Akaonyesha kaburi kwa kidevu.

Basi Mama akawa kati. Akienda, amemwacha mama wa mumewe peke yake katika njaa, na boma la mumewe limefungwa. Akikaa, anamtazama Kioko akiisha. Ndipo alipoanza kusema neno ambalo nililisikia mpaka nikalichukia: "Nangoja Mungu aniongoze."

Kungoja kwenyewe hakukuwa kwa kukaa, enyi jamaa zangu! Mama alifagia ua saa sita mchana. Aliwasha moto hana cha kupika. Alitoka mpaka njiani, akatazama upande wa Kibwezi, linakotokea lori, akarudi, akasahau alichokwenda kutazama. Kila kitu kilikuwa ishara. Ndege akilia upande huu, anasimama. Akiota, anatuamsha tumsaidie kufasiri. Siku moja alifumba macho, akafungua Biblia popote, akaweka kidole. Kidole kikaangukia orodha ya majina, fulani alimzaa fulani, fulani akamzaa fulani. Alilisoma lile fungu akilirudia hadi jioni, akitafuta kama mmoja wao aliwahi kuhama.

Na aliomba kwa sauti. Jikoni, shambani, mtoni. Susu kutoka nyumbani kwake alimjibu siku moja, "Mama Mumbua, Mungu si kiziwi. Kiziwi ni mimi, na nimesikia."

Halafu mchungaji akahubiri juu ya yule mtu wa zamani aliyeanika manyoya ya kondoo nje usiku, akamwomba Mungu ayaloweshe kwa umande ili ajue la kufanya. Nilimwona Mama akinyooka kwenye benchi. Nikasema moyoni, haya, tumekwisha.

Kondoo hatukuwa naye. Mama alitoa ngozi ya mbuzi yenye manyoya yake, ile baba alikuwa akiikalia, akaitandaza uani jioni. Ikilowa, tunakwenda Mbooni. Ikikauka, tunabaki. Mzee mmoja wa kanisa alipopata habari alikuja mbio kumkanya. Hakukanya kumjaribu Mungu; alikanya mbuzi. Siku ya mwisho, alisema, kondoo watakuwa mkono wa kuume na mbuzi mkono wa kushoto, sasa jibu litakalopitia ngozi ya mbuzi litakuwa jibu la nani? Mama alifikiri sana. Akajibu kwamba Mungu anajua Ikutha kuna nini na hakuna nini.

Sasa mniambie nyinyi. Mwaka ule, Ikutha, umande ungetoka wapi? Hata mimi mtoto nilijua. Tuliamka na vumbi kwenye kope. Majani yenyewe ya kushika umande hayakuwepo.

Asubuhi ya kwanza ngozi ilikuwa kavu kama ubao. Mama aliigusa, na mabega yake yakashuka, akapumua kama mtu aliyetua kuni. Lakini Kioko alipolia kwa ile sauti yake nyembamba, mabega yakapanda tena. "Labda nimeuliza vibaya," alisema. Jioni akaitandaza tena. Ikawa ndiyo kazi yetu, jioni kutandaza, asubuhi kugusa, na mchana kutwa kwenda na kurudi. Nilitamani kupiga kelele. Susu alikaa mlangoni kwake na mswaki mdomoni, akitutazama na ngozi yetu, hasemi kitu, na kwa Susu kutosema kitu lilikuwa jambo geni.

Kisha dereva wa lori akapita na kusema kesho ndiyo safari yake ya mwisho. Ng'ombe wa kubeba walikuwa wamekwisha. Mama alimwambia, "Kesho utanikuta nimejua."

Asubuhi hiyo nilimtangulia. Ngozi ilikuwa imelowa! Haki ya Mungu, manyoya yameshikana, na ukingoni tone linaning'inia. Pembeni, ardhi kavu kabisa, sawasawa na vile mchungaji alivyosimulia. Nilipiga yowe hadi majirani wakaja. Wakaanza wimbo. Yule mzee wa kanisa alizunguka ngozi mara kadhaa, akavua kofia, akasema basi, hata mbuzi.

Mama alipiga magoti. Aliinua ngozi kwa mikono miwili, akazika uso ndani yake, akakaa hivyo muda mrefu mpaka watu wakapunguza sauti. Mabega yalikuwa yakitikisika. Nilidhani ni furaha. Alipoinuka, macho mekundu, alikwenda moja kwa moja mlangoni kwa Susu.

"Mwaitu," alimwambia, yaani mama yangu, "ngozi imelowa."

"Si nimesikia makelele?" Susu alisema. "Mungu akishasema, unamrudia umuulize kama ana hakika? Funga mizigo. Lori halina imani, litakuacha."

Tulikula muthokoi wa jana kabla ya kuondoka, mahindi na maharagwe, mkavu. Susu hakugusa. Nikaenda kumchukulia kibuyu chake anywe, nikakikuta chepesi, hakina kitu. Alininyang'anya. "Wee! Acha kushikashika vitu vya watu." Nikaona ni hasira zake za kila siku.

Lori lilipopiga honi alituita mimi na Kioko atubariki. Kwetu mzee anakubariki kwa kukutemea mate kidogo, kifuani au viganjani. Alinishika viganja, akatema. Hayakutoka mate. Akajaribu tena, ulimi ukalia tu kama kijiti kikivunjika. Nikacheka, mtoto mjinga mie. Yeye pia akacheka, midomo ikapasuka kidogo. "Yachukue hivyo hivyo," alisema. "Mungu atajazia." Mama alipanda lori bila kugeuka nyuma. Alilia njia nzima hadi Kibwezi, na mimi nikimwambia Mama, si Mungu amejibu?

Huku Kikima tulipata baridi, matope, mboga na uji wenye maziwa. Kioko alipona, siku hizi ana tumbo tena, lakini hili amelijenga mwenyewe. Mvua iliporudi Ikutha, Mama alikwenda na gunia la maharagwe. Alimkuta Susu mzima, amebaki mifupa na mdomo. Majirani walikuwa wakimchotea. Alionja maharagwe yetu akasema ya milimani hayana ladha. Aliishi miaka mingine baada ya hapo, na alipofariki alizikwa kando ya mwanawe, kama alivyotaka. Sijawahi kusikia yeye na Mama wakiitaja ile ngozi.

Kanisani huku Mama aliombwa mara nyingi atoe ushuhuda wa umande wa Ikutha. Alikataa kila mara. Nilidhani ni unyenyekevu.

Nilikuja kuelewa nikiwa mtu mzima, nina watoto wangu. Mama alikuwa amekaa jikoni kwangu akisugua kibuyu kwa kijinga cha moto, amezeeka, na ile harufu ikanipiga. Nikaona kila kitu kwa pamoja: kibuyu chepesi, muthokoi usioguswa, mate yaliyokataa kutoka. Nikakaa chini.

"Mama," nikasema. "Ulijua?"

Hakuuliza ninasema habari gani. "Mumbua, umande unanuka moshi?"

"Ulijua tangu asubuhi ile! Mbona ulituacha tuseme Mungu amejibu?"

Alipuliza majivu kutoka mdomo wa kibuyu. "Na nani amekuambia hakujibu? Nilikuwa nikimwomba anikataze kwenda, kwa sababu kumwacha yule mama sikuweza. Nikaweka ishara ambayo najua haiji. Yeye akanipitishia ruhusa kwa mtu mwenye ruhusa yenyewe." Akaendelea kusugua.

Nimewaambia mimi si mtu wa utulivu. Wiki hii nimekuwa nikifagia ua saa sita mchana. Binti yangu Kavata amepata kazi ya uuguzi nchi ya mbali, na mimi tangu nimzike baba yake nina yeye tu nyumbani. Anafunga na kuomba Mungu amwonyeshe njia. Namsikia kupitia ukuta, sauti ni ya nyanya yake kabisa. Na mimi upande wangu nimekuwa nikiomba pia, kwa bidii, kwamba Mungu amjibu mtoto huyu, amwambie waziwazi, asimweke njia panda.

Nilikinunua kile kibuyu cha Kikima. Nimekitundika jikoni, na kila nikipita chini yake napata harufu ile. Susu alimwaga maji yake ya kunywa juu ya ile ngozi katika mwaka wa kiu. Mimi nadaiwa neno moja tu, "Nenda." Tangu juzi nimelifikisha mpaka kwenye meno, na kinywa changu ni kikavu.