Utosi wa Apollinarie

Apollinarie, msusi wa Nyamianda, hasuki, anakaza. Ukitoka kwake huwezi hata kukunja uso, lakini msuko unadumu mwezi mzima. Huku kwetu msuko usiouma huonekana kazi ya mvivu.

Kichwa chake mwenyewe hakuna aliyekiona. Utosi ulianza kwa kuwasha na kuuma. Akadhani dawa ya kulainisha nywele imeharibika, akapaka nyingine kali zaidi. Pakatokea upara laini kama goti, ukapanuka mwaka hadi mwaka chini ya kitambaa.

Alikwenda hospitali kwa uvimbe wa kizazi uliomtoa damu. Daktari, mwanamke mpole, alipomwona akijikuna utosini akamwomba afungue kitambaa.

"Docteur, nywele zitarudilia?"

"Hapana, mama. Mizizi imekufa, imebakia kovu. Dawa itasimamisha tu ile inaendelea."

Akamuuliza kama ana sukari, kama mama yake naye alikuwa hivyo. Akaeleza kwamba wenye upara huu mara nyingi hukutwa na uvimbe wa kizazi pia, na sababu haijajulikana vizuri. Tena upara huo hufuata ukoo, na misuko ya kukaza huuchochea.

"Uko na binti?"

Anaye: Noella, mwimbaji wa korali. Apollinarie alipofika nyumbani alimpapasa utosini, na Noella akaruka kwa maumivu. Kichwa kile amekisuka yeye tangu utotoni.

Pasaka ilikaribia, na korali ilikwisha kuchagua msuko mmoja kwa wote.

"Nitakusuka ya kulegea," alisema.

"Mama, minye peke yangu njo nisimame na nywele za kulegea? Watu watasema nini, na niko mutoto wa msusi!"

Ndipo Apollinarie akavua kitambaa. Noella alitazama, akalia, akamkumbatia mama yake. Apollinarie naye akalia, akiamini kwamba angalau binti yake amepona.

Jumamosi Noella alirudi amesukwa, shingo imekakamaa, anacheka bila kufungua mdomo sana.

"Ni ya Pasaka tu, Mama. Nyuma yake nitafumua."

"Nani alikusuka?"

"Domitille. Anasema weye njo ulimufundisha."

Apollinarie alinyoosha mkono afumue. Noella akashika kichwa kwa mikono yote miwili. Basi Apollinarie akapitisha vidole tu juu ya mistari. Kazi ilikuwa safi, hakuna pa kukosoa, na chini yake ngozi ilikuwa ya moto.